Sifuri Niliyoiandika Tunduma

Nimesahihisha Kiingereza cha watoto wa watu kwa miaka thelathini na sita, na sijawahi kuona aibu kuandika sifuri. Asiyejibu swali hupewa sifuri, basi, hakuna kubembelezana. Wanafunzi walinibandika jina la utani kwa sababu hiyo, wakidhani silijui. Lakini ipo sifuri moja niliyoiandika Tunduma mwaka juzi ambayo kila nikiikumbuka nashusha pumzi, maana ilibaki kidogo tu impotezee mtu kazi.

Nilikuwa nimeshastaafu, nakaa kwangu jirani na Mbozi Mission na miti yangu ya kahawa na magoti yanayouma. Siku moja akanipigia simu mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni meneja wa ofisi ya kugomboa mizigo kule Chapwa, Tunduma. Alisema wamepata mteja mkubwa wa Lusaka, mtu mkali, anayetaka kila kitu kwa Kiingereza, kwa simu na kwa maandishi. Makarani wake sita, alilalamika, Kiingereza chao ni cha kuvushia malori tu. Alitaka niwapime, si kwa mambo ya vitabuni, bali kwa mambo ya biashara: kupokea simu, kuandika barua, kumtuliza mteja aliyekasirika, kumkatalia bila kumfukuza. Atakayefaulu atabaki kwenye meza ya wateja. Atakayeshindwa, mkataba wake hautaongezwa mwezi ukiisha.

Hilo la mwisho lilinikera, kwa sababu sipendi kalamu yangu ifanywe panga. Hata hivyo nilikubali, na kusema kweli nilikubali kwa furaha. Hakuna mstaafu anayekataa kuambiwa kwamba bado anahitajika.

Nilitunga mtihani mwenyewe kwa siku nne. Katika mazungumzo, mimi ningejifanya mteja na karani angenihudumia. Katika maandishi kulikuwa na swali moja tu: mwandikie mteja barua kumweleza kwamba huduma aliyoitarajia imeshindikana, mpe sababu, muombe radhi, kisha pendekeza njia nyingine. Nililipenda sana swali hilo. Niliamini mtu anayeweza kuandika barua hiyo vizuri anaweza kukaa ofisi yoyote duniani.

Asubuhi ya mtihani Tunduma ilikuwa na baridi na vumbi kwa pamoja, kama kawaida yake, na foleni ya malori ilikuwa imefika mbali. Meneja aliniachia ofisi yake kwa ajili ya mazungumzo, na wa kuandika wakakaa chumba cha pili. Wa kwanza kuingia alikuwa kijana mchangamfu aliyeokota Kiingereza chake barabarani na kukichanganya na Kibemba. Nilimfokea kama mteja ambaye mzigo wake umekwama siku tisa. Akaniuliza kwanza mulishani, yaani habari yako kwa Kibemba, halafu akaniambia nipunguze presha, bosi, mambo yatakaa sawa. Nilimpa nusu ya maksi, kwa kuwa presha yangu ilipungua kweli.

Wanne waliofuata walikuwa wa wastani. Wa sita alichelewa. Huyu ndiye meneja aliyenisifia tangu asubuhi, dada wa miaka thelathini hivi, ambaye alikuwa forodhani tangu alfajiri akifuatilia hati za dereva mmoja. Meneja alisema kwa huyo hana wasiwasi, na kwamba mimi mwenyewe nitaona.

Aliingia saa tano akihema, na hati zake kwapani, akanisalimia vizuri kwa Kiingereza. Kwa kuwa hakuwapo nilipojitambulisha kwa wenzake, nilijitambulisha upya. Nina tabia ya kuwatoa watu hofu kwa kuwasimulia kwetu. Nikamwambia mimi ni mtu wa Ibaba, kule milimani Ileje, nikataja ukoo wetu, nikataja na mdogo wangu anayelima huko mpaka leo, nikacheka peke yangu kwa kichekesho fulani cha viazi.

Nilipoinua macho, dada amebadilika. Alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni. Kitenge alichojitanda mabegani kwa ajili ya baridi alikuwa amekipandisha kichwani, na amenigeukia ubavu, anatazama sakafu. Nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Nikamuuliza swali la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu nilimuuliza polepole kama anavyoulizwa mtoto wa darasa la tano, na bado hakufungua mdomo. Nilimnyooshea karatasi ya sehemu ya kuandika, akakataa kuipokea mkononi mwangu. Alingoja mpaka nilipoiweka pembeni mwa meza na kurudi kwenye kiti changu, ndipo akaichukua kwa haraka na kutoka.

Nilikasirika mno. Niliona nimedharauliwa, na mimi mtu akinidharau darasani huwa sina subira. Nikaandika sifuri kubwa, na chini yake nikaandika kwamba hakujibu swali hata moja.

Saa saba meneja akaja na chai na chapati kuniuliza tumefikia wapi. Nilimpa majina ya waliofaulu mazungumzo, na nikamwambia tegemeo lake limepata sifuri. Akaniuliza kama nina hakika, maana huyo dada huongea na Wazambia kutwa nzima na hajawahi kushindwa. Nilimjibu kwa kiburi kwamba mimi nasahihisha ninachosikia, na zaidi ya salamu sikusikia kitu. Akaguna, akasema basi, sheria ni kwa wote, atakwenda kuandaa barua ya kumwarifu kwamba mkataba hautaongezwa, maana mteja wa Lusaka anaingia kesho na anataka orodha kamili ya watu atakaoshughulika nao.

Nikabaki na chapati yangu na barua sita za kusahihisha. Tano zilikuwa za malori yaliyoharibika Iyula, malori yaliyoharibika Nakonde na daraja lililokatika mahali pasipo na mto. Ya sita ilikuwa ya yule dada. Ilikuwa kwa Kiingereza safi cha ofisi, na nitaieleza hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoikumbuka.

Alianza kwa kusema anasikitika kunijulisha kwamba huduma ya mazungumzo niliyoiomba saa tano asubuhi haikuweza kutolewa. Sababu haikuwa uzembe wala dharau. Sababu ni kwamba mume wake ni mtoto wa mdogo wangu wa Ibaba, kwa hiyo yeye ni mkwe wangu, na katika nyumba aliyoolewa mkwe hasemi mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni wala hapokei kitu mkononi mwake. Hakulijua hilo mpaka nilipojitambulisha. Aliomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Alipendekeza mazungumzo yafanyike kwa simu, mimi nikiwa ofisini na yeye akiwa stoo upande wa pili wa uwanja, wakati wowote kabla ya saa kumi. Akamalizia kwamba anatumaini tutaendelea kushirikiana.

Niliisoma mara mbili. Ya kwanza nilisoma kama msahihishaji, nikitafuta kosa, na nikakosa. Ya pili nilisoma kama mtu wa Ibaba, na uso ukaniwaka moto kwa aibu.

Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nimezaliwa kule. Nimemwona mama yangu akikatiza shambani kwa watu ili asikutane njiani na babu yangu. Lakini nimekaa Mbozi miaka mingi, wake za wanangu mwenyewe hunipa mkono kanisani na kunitania kuhusu kitambi, nami nikasahau kwamba mdogo wangu bado anashika mila zote moja baada ya nyingine. Kijana wake alipooa nilikuwa nimelazwa na mguu. Nilituma blanketi, basi. Sikuwahi kumwona bibi harusi. Na siku nilipomwona nikampa sifuri kwa sababu ya heshima aliyonipa.

Niliinuka, na magoti yakasahau kuuma. Meneja nilimkuta kwa mwandishi wake, barua iko kwenye kompyuta, imebaki kuchapwa na kupigwa muhuri. Nilimwambia asimamishe. Alinitazama, maana nilikuwa sijamalizia hata kutafuna. Nikampa ile karatasi asome mwenyewe.

Yeye ni Mnyiha wa hapa hapa Mbozi, mila hiyo anaijua, hakuhitaji maelezo mengi. Nilimwambia wazi kwamba huyu ni wa ukoo wangu, kwa hiyo sitaki maksi zangu zitiliwe shaka. Tukakubaliana nimpime kwa simu kama alivyopendekeza, na meneja akae pembeni yangu, simu ikiwa kwenye spika, asikie kila kitu. Nilishukuru. Kama barua ile ingekuwa imeshatiwa muhuri, sijui ningemtazama vipi mdogo wangu.

Tulimpigia saa nane na nusu. Kadi ya mazungumzo niliyoitunga kwa ajili ya mtihani ilinitaka niwe mteja anayelazimisha. Mzigo wangu una hati moja pungufu, nami nataka karani aandike kwamba hati zote zimefika, lori litoke leo. Karani anatakiwa kukataa. Ndipo nilipogundua ugumu wa jambo lenyewe. Mkwe wa Ibaba hamkatalii baba mkwe kitu. Baba mkwe akisema jua limechomoza Zambia, mkwe anaitikia. Nilikuwa namtaka afanye kwa dakika kumi jambo ambalo amefundishwa asilifanye maisha yake yote, na akishindwa, kazi hana.

Nilianza kwa upole, nikimwonea huruma. Meneja akanikazia macho. Nikakumbuka kilichonileta, nikapandisha sauti. Nilisema mimi ni mteja mkubwa, nataka aandike hivyo sasa hivi. Nilisikia breki za lori zikitoa upepo uwanjani, kisha sikusikia kitu. Niliogopa, nakiri. Nilikaza simu mkononi nikimwomba Mungu dada asikubali.

"Hapana, bwana," alisema kwa Kiingereza, sauti imetulia. "Hilo sitaliandika, kwa sababu si kweli."

Nilitishia kuhamishia mizigo yangu kwa wakala mwingine. Akasema atasikitika kunipoteza, lakini jibu ni lile lile. Nilidai kuongea na meneja. Akasema meneja yupo, na jibu nitakalopewa na meneja yeye ndiye atakayekuwa amemwandalia. Meneja akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha dada akaniwekea utaratibu: hati iliyopungua ataifuatilia mwenyewe kesho saa mbili, atanipigia kila baada ya saa mbili kunieleza ilipofikia, na hati ikipatikana lori litatoka siku hiyo hiyo. Akaniuliza kama kuna jambo jingine anaweza kunisaidia. Nikasema sina.

Nilipokata simu meneja alikuwa anacheka kimya kimya, mabega yanatikisika.

"Mwalimu," alisema, "kama amekukatalia wewe, huyo wa Lusaka atamtisha na nini?"

Nilichukua ile karatasi ya mazungumzo nikaikata sifuri kwa mstari mmoja, nikaandika maksi anazostahili, nikatia saini pembeni. Nimetia saini nyingi maishani, na hakuna iliyonipa raha kama ile. Meneja alikwenda mwenyewe kwa mwandishi kuifuta barua kwenye kompyuta, nami nikamfuata hadi mlangoni nihakikishe imefutwa.

Wakati wa kuondoka nilivuka uwanja. Yule dada alikuwa anatoka stoo. Aliponiona aligeukia ukuta na kushusha kitenge usoni, nami nikapita mbali, nikitazama matairi ya lori kama mtu anayetaka kuyanunua. Nilikuwa na hamu kubwa ya kumpongeza. Sikuweza, na haikufaa, na meneja alikuwa bado ndani anaongea na simu.

Basi nilipofika stendi nilisimama pembeni ya vibanda, nikaipiga ile namba ya stoo. Alipokea yeye. Nikamwambia kwa Kiingereza, maana kwa lugha zetu nyingine nisingethubutu, kwamba nina furaha kumjulisha kwamba amefaulu sehemu zote mbili, kwamba nafasi yake ni yake, na kwamba ofisi yangu inamwomba radhi kwa kosa lililofanyika asubuhi.

Nikasikia anapenga kamasi. Halafu akanijibu, kwa Kiingereza kile kile cha ofisi, kwamba taarifa yangu ameipokea kwa shukrani, radhi imekubaliwa, na nakala ataifikisha kwa mume wake jioni hii.