Jina Nililofuta kwenye Chuma cha Barasa

Leo mjukuu wangu amenisifu mbele ya mteja, nikashindwa kuvumilia.

Mjukuu huyo, Nekesa, anachomelea mageti hapa Nakuru.

"Huyu babu," akasema, "miaka ya hamsini aliwashinda wote kwa mtihani wa welding!"

Nikamwambia, "Sikushinda, mama."

Nafasi ya mafunzo ilikuwa moja. Kila mtu aliunganisha vyuma viwili, akaandika jina lake kwa chaki. Nilifuta la rafiki yangu Barasa, nikaandika langu, na kwenye chuma changu nikaandika lake.

Mwalimu alipokiinua kile chuma, Barasa aliitambua kazi yake. Akaniachia nafasi ile. Akarudi kuchuma pareto Molo.

Nekesa akazima mashine. "Na ulimwomba msamaha?"

Bado.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Watu wa Molo, mkimjua Barasa, niandikieni. Natamani nimsikie akinitukana, hata kwa simu.