Chanja Kwenye Njia ya Viboko

Mwezi uliopita nilikwenda Kisesa kumzika shangazi yangu. Mazishi yalipokwisha nikapanda pikipiki, nikashuka mpaka ziwani. Nilitaka kuona mahali ambapo mimi na bibi tulikuwa tunapiga kambi kila kiangazi, tukianika dagaa. Usinicheke, rafiki yangu, lakini moyo ulinidunda kama naenda kusalimia watu.

Kambi yenyewe haikuwa ya kujivunia: vibanda sita vya nyasi, mawe makubwa nyuma, ziwa mbele. Harufu ya dagaa iliingia hata kwenye uji. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru na kugeuza dagaa juani, na mchana tulikula ugali wa muhogo na sato wa kuchoma, nikilamba vidole mpaka bibi anikemee.

Pembeni mwa vibanda ilipita njia pana, iliyokanyagwa ikawa ngumu kama sakafu. Ilikuwa ya viboko. Jioni walipanda kwenda kula majani, alfajiri wakarudi majini. Bibi alinifundisha sheria za pale kabla hajanifundisha kuwasha moto: usisimame kati ya kiboko na maji, usiende kuteka maji kabla jua halijatoka, usitupe matumbo ya samaki ufukweni mamba wakazoea, na usiache kitu chochote njiani.

"Hawa ndio wenye nyumba," alikuwa akisema. "Sisi tumepanga tu."

Tukaishi hivyo miaka, wala hakuna aliyeumia.

Banda la pili lilikuwa la jirani yetu, mama mjane aliyenisuka nywele kila Jumamosi ili Jumapili nionekane mtu. Kiangazi kile dagaa walikuwa wengi kupita kiasi, chanja zake, yaani vichaga vya miti vya kuanikia, zikajaa. Bibi alikuwa amekwenda Igoma kuuza. Jioni, viboko wameshapita kwenda malishoni, jirani akaniita nimshikie miti, ajenge chanja nyingine.

"Tunajenga wapi, mama?"

"Hapo njiani, penye usawa. Wakikauka nabomoa."

"Lakini bibi alisema..."

"Bibi kasema nini?"

Nilikuwa na miaka tisa, na kwetu mtoto hamkosoi mtu mzima. Nikajibu, "Hamna kitu." Nikashika miti.

Bibi alirudi jua limeshazama, amechoka, akalala bila kuzunguka kambi kama kawaida yake. Sikumwambia.

Alfajiri jirani alitoka kwenda kutazama dagaa wake. Kiboko jike alikuwa anarudi ziwani na mtoto wake, akakuta njia imezibwa na mtu amesimama mbele yake. Sisi tulisikia miti ikivunjika, kisha yowe moja. Wanaume walimbeba jirani kwenye turubai, wakakimbia naye hadi barabarani. Hakufika hospitali.

Siku ya tatu walikuja watu wenye bunduki. Wakaua viboko wanne wakubwa, na yule mtoto akawa wa tano. Nani alijua mwenye kosa ni yupi? Nyama ikagawanywa banda kwa banda. Bibi alirudisha fungu letu. Hapo ndipo nilipomwambia, nikilia, kwamba mimi ndiye niliyeshika miti. Hakunipiga. Alisema tu, "Ungeniambia jioni ile." Hakulirudia neno hilo mpaka anakufa, na mimi sijaacha kulisikia.

Kambi ilivunjika mwezi uleule. Safari hii nilikuta magugu maji yamefunika ufukwe wote, na huku juu ni mashamba ya nyanya mpaka kwenye mawe. Mwanamke mmoja alikuwa anafua. Nilimwuliza kama viboko bado wanatoka upande huu.

"Viboko? Hapa?" Alicheka. "Dada, mimi nimezaliwa hapa. Sijawahi kumwona hata mmoja."

Nikamshukuru, nikasimama pale jua likinichoma. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi, ila hapakuwa na wa kuombwa.