Bakuli la Makaroni ya Kiajemi

Nianze na ubaya wangu, asije mtu akanionea huruma mapema. Nilimharibia wifi yangu chakula mbele ya watu, na nilifanya makusudi. Nikikumbuka yale mabonge yakielea kwenye sufuria, hadi leo moyo unanitulia kidogo.

Chakula chenyewe nilifundishwa kazini. Nilikuwa mpishi wa nyumba ya wageni hapa mjini Mtwara, wanapofikia watu wa kazi za gesi, na kuna mwaka alikaa kwetu mhandisi mmoja mwanamke, Mwajemi, mzaliwa wa Shirazi kwenyewe. Wiki nzima alikula wali wangu na samaki bila neno. Siku moja akaingia jikoni na fungu la majani mkononi, akaniomba nafasi. Yeye na Kiswahili chake cha kuokoteza, mimi na Kiingereza changu cha kuokoteza, tukaelewana kwa mikono. Makaroni yanachemshwa kwa chumvi, yasilainike sana. Giligilani, mnanaa, majani ya vitunguu na shibiti, yale majani membamba kama nywele, yanakatwa tele, si ya kurembea. Mtindi unachujwa kwenye kitambaa usiku kucha mpaka uwe mzito. Mwisho unakaanga mnanaa mkavu na kitunguu saumu na manjano kidogo, unamwagia juu mafuta yakiwa bado yanalia.

Nilipotaka kuumimina mtindi sufuria ikiwa motoni, mama wa watu alinidaka kiwiko. Akaishusha sufuria sakafuni. Akachota yale maji ya moto ya makaroni, kijiko kimoja kimoja, akaupasha mtindi taratibu pembeni, ndipo akauchanganya, moto ukiwa mbali kabisa. Mtindi ukichemka unakatika. Sisi wa pwani tumelelewa kinyume chake: tui la nazi unalitia motoni na unalikoroga bila kuacha mpaka lichemke, ukizubaa ndipo linapokatika. Hilo nikalishika. Alipoondoka aliniachia mbegu za shibiti kwenye kipande cha gazeti, nikazipanda kwenye ndoo zilizotoboka nyuma ya nyumba yetu, Magomeni ya hapa Mtwara. Baadaye nikaongeza langu moja, korosho za kukaanga zilizopondwa, maana kupika Mtwara bila korosho najiona kama mgeni.

Sasa mama mkwe. Mama mkwe wangu ni Mshirazi. Si wa huko Shirazi, ni wa Mikindani, lakini anavyowahesabu babu zake ungedhani wamehamia juzi. Mimi ni Mmakonde. Babu yangu alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na jembe lake na mke wake, na kijiji chetu mpaka leo kiko kando ya mto, tunalima mihogo na mpunga. Mwanawe aliponioa, mama huyo alisimama mbele ya wageni wa harusi akaapa kwamba chakula cha mkono wangu hakitapita kooni mwake. Na akatimiza. Miaka tisa alikuja kwangu kwenye maulidi, alikuja kwenye msiba wa baba yangu, akanywa maji tu, na maji yenyewe alikuja nayo kwenye chupa.

Watu husema chuki za mkwe uzizoee. Sikuzizoea. Katika ukoo ule nilitaka kitu kimoja tu: mama yule ale chakula changu, akijua ni changu.

Kisha akaugua homa ya matumbo. Dawa zilimponya homa lakini hamu ya kula haikurudi. Uji ulimchukiza, supu aliitapika, alibaki shingo na macho. Mume wangu akanijia jikoni, mwanaume mzima machozi yanamlenga, akasema, "Mpikie wewe. Dada atapeleka, tutasema kapika yeye." Dada ndiye huyo wifi yangu, aliyeachika akarudi kuishi na mama yake mtaa wa Mtawanya. Roho iliniuma, nikakubali. Nilijua uchachu na mnanaa vinafungua mdomo uliofungwa.

Mtindi niliununua kwa wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao. Kila asubuhi, kabla ya zamu yangu, nilipika kiasi cha mtu mmoja, nikakitia kwenye bakuli la bati lenye maua mekundu, bakuli nililopewa na mama yangu siku ya kuolewa. Wifi alikuja na bajaji kulichukua, na kesho yake alikuja nalo tena. Siku ya tatu mama alimaliza. Siku ya kumi aliomba zaidi. Mwezi ulipotimia alikuwa akitembea uani.

Na kila siku bakuli lilirudi tupu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata ukiwa huna kitu, unatia ndimu mbili, unatia chumvi, ili mwenye chombo ajue umemshukuru. Nilijiambia mama hajui chombo ni cha nani, kwa hiyo hana kosa. Lakini wifi alijua. Wifi angeshindwaje kuokota hata ndimu moja njiani? Bakuli lilikuja limeoshwa, linang'aa, ndani hewa. Nikawa nameza.

Kilichoshindikana kumezeka kilitokea kwenye shughuli ya jirani yao, wanawake tumejaa ukumbini tunamenya vitunguu. Mmoja akamsifu wifi kwa chakula kilichomwinua mama yake. Wifi akajibu kwa madaha kwamba ni siri ya Kishirazi, iko katika damu. Mwingine, hata simjui, akanigeukia akaniuliza kama na mimi nimefundishwa.

"Nani, wifi yangu huyu?" wifi akadakia. "Wa ng'ambo hawa waulize ming'oko. Mtindi umpe wa nini? Atajipaka miguuni!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ming'oko ni mizizi ya porini inayochimbwa wakati wa njaa, na mimi nimeichimba, sioni aibu. Nilicheka nao. Kicheko hicho ndicho nilichokitunza.

Sikukitunza muda mrefu. Mama alipopona kabisa, waliandaa dua ya shukrani Mtawanya, na wifi, kwa kupenda sifa, akawatangazia watu kwamba pamoja na pilau atapika kile chakula cha Kiajemi. Siku mbili kabla ya dua akaja kwangu, kanga mpya, sauti ya asali.

"Wifi yangu kipenzi, nisaidie. Nieleze tu, nitapika mwenyewe."

Nikamkaribisha kiti. Nikamweleza yote, moja baada ya jingine, sikumficha jani. Nikamkatia shibiti yangu yote, ndoo zikabaki upara. Nikampa na kitambaa cha kuchujia.

"Na mtindi nautiaje?" akauliza.

Hapo ndipo nilipomwangalia usoni. "Wifi, wewe si mpishi wa tui? Tui unalitiaje?"

"Nalitia likiwa motoni, nakoroga mpaka lichemke, lisikatike."

"Haya, mpishi," nikasema.

Sikusema uongo. Nimelipima neno hilo mara nyingi kwenye mkeka wa swala, na sijalipata kosa lake, ingawa najua Mungu ana mizani nyingine.

Siku ya dua nilijiweka mbali na jiko lake. Kazi yangu ilikuwa vyombo, kazi ya mke wa mwana. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya mafiga, kuni zinawaka kwa nguvu, na wifi anakoroga kwa mwiko kwa juhudi zote alizofundishwa na mama yake. Niliona mtindi unaingia mweupe, laini. Niliona unaanza kutoa povu. Kisha ukagawanyika, maji ya kijani huku, punje ngumu kule, makaroni katikati yamevimba. Alivyozidi kukoroga ndivyo ulivyozidi kukatika. Alinyanyua uso akanitafuta kwa macho, nami nilikuwa nasuuza sinia, nasuuza vizuri kabisa, pande zote mbili.

Hakukuwa na la kufanya, chakula kilishatangazwa. Kikapakuliwa. Wanawake walionja, wakatazamana. Yule yule aliyemsifu akasema kwa sauti ya kusikika, "Hii siri ya Kishirazi bora ingebaki siri." Wifi alifunika uso kwa kanga. Nilifurahi, na sifichi: nilifurahi mpaka nikaisuuza mara ya pili sinia ile ile.

Ndipo mama mkwe akasema, "Leteni hapa."

Wakamwekea sinia mbele yake. Mwanamke ambaye mwezi uliopita alitapika supu, akakaa wima, akala. Alikula yale mabonge kwa vidole vyake vitatu, bila kukunja uso, tonge baada ya tonge. Akawaambia, "Kwa wazee wetu hivi ndivyo kilivyoliwa. Nyinyi mmezoea vya laini." Hakuna aliyethubutu kucheka tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso na bado alikula. Furaha yangu ikaanza kuchacha.

Watu walipotawanyika nilikuwa bado nyuma ya nyumba na masufuria. Mama akaja taratibu, mkono ukutani, akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, karibu yangu kuliko alivyowahi kukaa.

"Umenikomoa," akasema.

"Si wewe, mama. Sikukusudia wewe."

"Dua ilikuwa ya nani?"

Nikaendelea kusugua mahali palipokwisha takata.

"Ulidhani sijui?" akasema. "Huyu mwanangu namfahamu miaka thelathini na mitano, mapishi yake nimeyala. Mtu hajifunzi mkono mpya wa kupika kwa siku moja. Bakuli la kwanza tu nilijua ni wewe."

"Na ukala."

"Niliapa kwa mdomo. Tumbo halikuapa." Akaivuta kanga yake begani. "Nikaona aibu kulirudisha neno mbele za watu, mtu mzima mimi. Nikasema nitakushukuru kwa njia nyingine. Hivi zile korosho zilikuwa nzuri? Hukuniambia hata siku moja."

"Korosho zipi, mama?"

"Za kwenye bakuli. Kila siku nilitia konzi moja. Nilizibangua mwenyewe nikiwa kitandani, vidole vikaungua utomvu. Nikamwambia wifi yako, mrudishie mwenyewe, chombo cha mtu hakirudi kitupu."

Nikamwonyesha mikono yangu mitupu yenye povu. Aliitazama muda mrefu, kisha akatazama vidole vyake, na kweli vilikuwa na madoa meusi ya utomvu wa korosho ambayo mimi nilidhani ni ya ugonjwa. Ndani tulimsikia wifi akipanga viti.

Kwa hiyo shukrani zangu zilitoka kila siku Mtawanya na kuliwa kwenye bajaji. Mwezi mzima nilikuwa nimekubaliwa na sikujua. Na yule aliyenikubali ndiye niliyemlisha mabonge mbele ya wageni wake. Hilo linaniuma, na sitalipamba. La wifi haliniumi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, bajaji anayoendesha mume wangu ilisimama mlangoni, na mama akashuka bila chupa ya maji. Hakuingia ndani. Alitaka kiti kiwekwe barazani, hapo hapo wanapopita watu wa Magomeni wote, akaniambia nipike.

Shibiti ilikuwa haijaota vizuri, nikatumia giligilani zaidi. Sufuria niliishusha chini mbele ya macho yake, nikaupasha mtindi kijiko kijiko. Aliangalia, akatikisa kichwa mara moja, akaelewa kila kitu kuhusu ile siku. Akala barazani. Majirani waliopita walimsalimu, "Shikamoo mama," naye akaitikia marahaba huku akitafuna, na kwa wale waliojua habari ya kiapo aliongeza, bila kuulizwa, "Ni cha mke wa mwanangu hiki." Nilisimama nyuma ya mlango nikalia kwa hasira ya miaka tisa.

Alipomaliza akafuta mdomo. "Mpakulie na wifi yako, nimpelekee."

Nikaingia ndani. Sufuria ilikuwa na sehemu nzuri imebaki, nikaiacha na kifuniko chake. Nikachukua bakuli la maua mekundu, limeoshwa, linang'aa, ndani hewa. Nikaweka kawa juu yake, nikafunga kwa kitambaa kile kile cha kuchujia, fundo zuri, nikaja nalo kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka.

Mama alilipokea. Akalipima mkononi, mara moja, mara ya pili. Akanitazama. Kisha akapanda bajaji, akaliweka mapajani, akalishika vizuri lisianguke, na wakaondoka kuelekea Mtawanya.