Hadithi za Shangazi Zilivyopata Mwenyewe

Simpendi mwenye saiba ya Rangwe, yule anayetoa fotokopi na kuwachapia watu barua, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo.

Shangazi yangu wa Lambwe alikuwa na hadithi nyingi kuliko mahindi. Nyumbani kwake hukuruhusiwa kusimulia chochote kabla hujamtaja aliyekupa hadithi yenyewe. Mtoto aliyesahau alinyamazishwa, akaanza upya. Nilipomwomba niziandike na kuziweka mtandaoni, alikubali kwa sharti hilohilo.

"Wewe gawa tu, hadithi si ng'ombe," aliniambia. "Lakini jina yangu iende nazo."

Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza niliandika kwa herufi nene: soma, chapisha, mpe mwenzako bure, usiuze, usiondoe jina la msimulizi. Jina lake likafuata. Nikazituma kwenye kundi la WhatsApp la walimu wenzangu, Migori hadi Homa Bay, nikalala usingizi mzuri.

Muhula uliofuata zilinirudia kwenye kundi lilelile zimevuliwa nguo. Ukurasa wa kwanza haukuwepo. Chini ya kila hadithi palikuwa na jina la saiba ya yule jamaa wa Rangwe na maneno "Haki zote zimehifadhiwa". Nilipotuma tena nakala yangu, msimamizi wa kundi aliifuta na kuniandikia: Mwalimu, tuheshimu kazi za wenyewe.

Nikafunga safari hadi Rangwe. Jamaa hakushtuka hata kidogo.

"Madam, watu hawaamini kitu haina mwenyewe," alisema, huku akigonga muhuri kwenye karatasi ya mtu mwingine. "Hiyo yako ilisema bure. Mimi nikaiwekea heshima."

"Jina la mwenyewe lilikuwa juu."

"Hiyo page ilikuwa inamaliza wino tu."

Aliahidi kurekebisha, nami mjinga nikamwamini.

Shangazi alifariki kabla hakijarekebishwa chochote. Binamu zangu walipeleka picha yake kwa saiba ileile kuchapisha programu ya mazishi. Siku ya maziko nilipewa nakala pale langoni. Mbele palikuwa na uso wake na jina lake. Nyuma, ili ukurasa usikae mtupu, palikuwa na hadithi yake ya fisi na mkwewe, neno kwa neno alivyonisimulia. Chini yake, jina la saiba na onyo kwamba hairuhusiwi kunakili.

Mwenye saiba mwenyewe alikuwa ameketi kwenye hema la wageni, anakula. Nilimwekea karatasi mbele ya sahani, upande wa hadithi ukiwa juu.

"Sister, hizo si niliwaprintia bure?"

"Kwenye boma hili hadithi haisomwi kabla hujamtaja aliyekupa," nilimwambia. "Mtaje."

Wazee walikuwa wameacha kutafuna, wanamtazama. Akafuta mikono, akaigeuza karatasi kutafuta jina la marehemu.