Uso Mwekundu wa Maalim Wahiba

Bi Wahiba hakuwahi kuonja pombe. Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima wa Kipawa ulisema vingine, na mie Mwamvita, jirani yake wa ukuta mmoja, nimechoka kunyamaza.

Alikuwa mjane wa Kiarabu, mweupe wa ngozi, na barazani kwake akiwafundisha Qurani watoto wetu wa kike. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake na heshima yake. Kingine hakuwa nacho. Basi ile miaka ya mwanzo ya tisini, baa zilipoanza kuota kila kichochoro, uso wake nao ukaanza kubadilika. Mashavu na pua vikawa vyekundu, vimejaa vipele. Akisimama juani uso unawaka, akinywa chai ya moto unawaka.

Ramadhani ikaingia. Sie wanawake wa huku alasiri tunajulikana tulipo: tumeinama kwenye mkaa, tunapika futari. Bi Wahiba alikuwa na desturi ya kuwapelekea majirani sahani kabla ya adhana. Siku hiyo akatoka jikoni na moto wote ule usoni, akabisha hodi kwa Bi Nusaiba, mkubwa wa kikundi chetu cha maulidi. Bi Nusaiba akapokea kaimati, macho hayabanduki kwenye pua ya mwenzake. Kesho yake bombani ndiyo habari: Maalim anakunywa, tena mchana wa Ramadhani! Hata harufu hakuna aliyeisikia. Astaghfirullahi, watu wana roho mbaya!

Wazazi wakaanza kuwatoa watoto. Huyu eti anaumwa, yule eti anahamia kwa bibi yake. Akabaki binti yangu Farida tu. Bi Wahiba akaapa, akalia, hakuna aliyemsikiliza.

Nikamkokota mwenyewe mpaka kwa Daktari Adelard, wa ngozi. Akamtazama, akasema ni ugonjwa, huonekana zaidi kwa watu weupe, na hata asiyegusa pombe maisha yake yote anaupata. Akamtajia dawa ya kupaka, asidi ya azelaiki. Ilitengenezwa kwa ajili ya chunusi, ila wenzake wa nje walikuwa wanaijaribu kwa wekundu kama ule.

"Jina lisikutishe, mama," akasema. "Asidi hii imo hata kwenye nafaka, kwenye ngano na shayiri. Mwanzoni itakuwasha. Uvumilie miezi."

Madukani hatukuipata. Mikorogo ya kuchubua watu imejaa mpaka kwenye meza za barabarani, lakini dawa ya maana hakuna! Azan, kaka yake Bi Wahiba aliyekuwa Maskati, ndiye aliyeituma.

Mie nikaona nimepata cha kuwafunga mdomo. Nikaenda kwenye kikundi nikawaeleza yote, neno kwa neno la daktari. Bi Nusaiba akanijibu nini?

"Shayiri? Si ndiyo wanayopikia bia? Kumbe hata dawa yake ni ile ile!"

Wakacheka. Wanawake wazima, tasbihi mikononi, wanacheka mpaka wanapigana makofi ya mgongo. Nikavaa ndala zangu nikaondoka.

Bi Wahiba akawa anapaka asubuhi na jioni. Ikamwasha kweli, akavumilia. Baada ya miezi uso ukatulia, pua ikarudi rangi yake. Nikasema moyoni, sasa wataona haya.

Haya gani! Bi Nusaiba akaja na wenzake, watoto wamewatanguliza mbele, doti ya kanga mkononi.

"Alhamdulillahi, Maalim," akamkumbatia. "Nuru imerudi usoni. Sote tunajua umeacha. Watoto hawa hapa, tumekurudishia. Ijumaa kwenye maulidi useme tu mbele ya wenzio kwamba umetubu, yaishe."

Wallahi nilitaka kumrukia. Bi Wahiba akanizuia kwa mkono. Akawatazama wale watoto, na alivyokuwa na hamu nao! Kisha akairudisha kanga.

"Bi Nusaiba, nani kati yenu aliyeniona nikinywa?"

Bi Nusaiba akaanza kuikunja upya ile kanga.

"Basi siwezi kutubu nisilolifanya. Nikiwadanganya nyie ili nipate wanafunzi, hawa nitawafundisha nini?"

"Mnamwona?" Bi Nusaiba akawageukia wenzake. "Kiburi cha ulevi hicho, hakijamtoka." Wakawashika watoto mikono, wakaondoka nao.

Hawakuwarudisha tena. Alimfundisha Farida peke yake mpaka akahitimu msahafu mzima, na barazani mkeka ulibaki mkubwa kwa mtoto mmoja. Akawa anaishi kwa kushona kofia na kwa kidogo alichotuma Azan.

Miaka michache baadaye homa ikamchukua. Mie ndiye niliyemwosha. Tumekaa msibani, Bi Nusaiba akasogea, akanishika mkono, machozi ya kweli yanamtiririka, akaninong'oneza:

"Tushukuru, shoga yangu. Angalau amekufa ameshaacha."

Nikamnyanyua kwa mkono ule ule alionishikia, nikamtoa nje mbele za watu, jeneza bado liko ndani.