Uongo wa Fundi Magodoro

Fundi Magodoro alikuwa wa mwisho mtaani kwake kushona godoro la sufi kwa mkono. Watu walikuwa wamehamia kwenye sponji, takataka inayobonyea kabla mtoto hajaota meno, na wala hawakuona haya kuipitisha mlangoni kwake imefungwa juu ya baiskeli. Yeye alibaki na sufi yake, fimbo ya kuichambulia, sindano ndefu, na mkewe, maana kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Godoro husimamishwa wima. Huyu huchoma sindano upande huu, yule huipokea upande wa pili, huvuta uzi, kisha huirudisha. Walipokuwa kazini hawakuonana, lakini kwa mvuto wa uzi tu kila mmoja alijua kama mwenzake amechoka, amenuna au anataka utani.

“Usivute hivyo, mama watoto, hili godoro la watu,” fundi alizoea kusema.

“Basi godoro la watu lisikutie mawazo,” mke alikuwa akijibu kutoka upande wa pili.

Waliishi hivyo mpaka wakapata wajukuu, na mlango wa chumba chao bado ulikuwa ukifungwa mapema.

Kisha mkojo ukaanza kumsumbua. Akaenda hospitali peke yake, akapimwa, akaambiwa ana saratani ya tezi dume. Daktari, kijana mwenye adabu, hakumficha kitu. Alimweleza kwamba uvimbe ule unalishwa na homoni za kiume, kwa hiyo atachomwa sindano za kuzizima homoni hizo ili uvimbe ufe njaa. Ila homoni hizo hizo ndizo zinazompa mwanamume hamu ya mkewe. Akamwomba arudi na mama, waongee wote watatu.

Fundi aliitikia, na hakurudi na mama. Zamani mtu wa umri wake alikuwa na watu wa rika lake wa kuwanong’oneza mambo ya chumbani. Wa kwake walikuwa wamekwisha kufa, na waliobaki walijua kucheka tu. Kila siku ya sindano alimwambia mkewe anakwenda kutafuta kitambaa.

Alidhani hamu itapungua kidogo, basi. Hakujua kwamba itaondoka yote, hata kumbukumbu yake. Alimtazama mkewe akijifunga kanga kama unavyotazamwa ukuta, na jambo hilo lilimtisha kuliko saratani. Joto lilimpanda ghafla mchana, shati likalowa, akawa anaoga kila anaporudi kutoka mjini. Matiti yakavimba na kuuma, akawa analala na shati, na mkewe alipomkumbatia alijikunyata kama aliyeguswa na mgeni.

Mke aliyaona yote hayo akayaunganisha kama ambavyo mke yeyote angeyaunganisha. Akauliza wakiwa kazini, godoro likiwa katikati yao.

“Baba watoto, una mtu?”

Uzi ulisimama. Fundi alikuwa na majibu mawili mdomoni. Moja lingemfanya mgonjwa asiye na uanaume. La pili lingemfanya mwanamume mbaya, lakini mwanamume.

“Ninaye,” akasema.

Sindano ilirudi taratibu. Mke alimaliza mstari ule, akakata uzi kwa meno, akakusanya nguo zake akaenda kwa dada yake. Hakutukana. Godoro likabaki nusu, na mteja mwenye godoro alipokuja akachukua kitambaa chake akaenda kununua sponji.

Binti mkubwa alikuja kumuuliza babake kama haoni aibu, uzee wote huu. Kinyozi wa jirani naye akampa heshima mpya. “Fundi, kumbe bado wa moto,” akamwambia mbele ya wateja, na fundi akacheka nao. Kisha akaingia ndani akalia, maana dawa zile zilimletea na machozi ya karibu karibu.

Mwishowe aliwaza kwamba atazikwa kwa sifa ya uzinzi ambao hata angetaka asingeuweza. Akaenda kwa shemeji yake, akaketi kwenye kiti cha wageni, akamweleza mkewe kila kitu: uvimbe, sindano, homoni, shati. Alieleza huku akitazama sakafu.



“Ugonjwa ningeuuguza,” mke akasema. “Na kulala bila kitu tungezoea, mimi pia si msichana. Lakini mimi nimelala hapa nikimwona huyo mwanamke. Nimempa sura, nimempa sauti. Sasa unaniambia hayupo. Nimtoe vipi?”

 Fundi akamwomba amsindikize siku ya sindano, kama daktari alivyotaka tangu mwanzo. Mke alikubali.

Alifika hospitalini, akaketi, akaacha kiti kimoja kitupu katikati yao. Muuguzi akaita jina la fundi, akamtazama yule mama aliyeinuka pamoja naye, akauliza kama ndiye mkewe, maana huko ndani huingia mke tu.

Fundi akasubiri mkewe ajibu.

“Mimi ni mama wa watoto wake,” mke akasema, akarudi kuketi.