Swichi Iliyojichagulia Namba

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka watu wa nyumbani wananitazama vibaya. Nilikuwa kijana, meno yote yapo, nafanya kibarua cha kuvuta nyaya katika ofisi moja ya kutoa mizigo forodhani, pale mpakani Busia. Shule niliiacha mapema, hilo sifichi. Lakini nyaya nilizivuta vizuri, tena nikiimba.

Ofisi ilikuwa na kompyuta kubwa, si hizi za mapajani, ile ya kujaza ukuta. Kompyuta yenyewe haikuweka mambo yake tumboni. Iliyaweka kwenye diski, ndani ya makabati ya upande wa pili. Katikati palikuwa na swichi, sanduku la chuma lenye matundu mengi, nyaya zinaingia huku zinatokea kule. Lori likitaka kuvuka, liwe Busia au Malaba, habari zake zilipita hapo. Fundi wa swichi alikuwa rafiki yangu Wafula, mtu wa kuchana nywele hata akiwa juu ya ngazi. Nywele zenyewe zimekwisha sasa, maskini.

Asubuhi hiyo Mama Auma alitoka Osieko na gari la mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, kwenye barafu, wanaenda Uganda. Huyu ndiye mama yake Akoth, msichana niliyetaka kumuoa, na mama huyo alikuwa bado hajanikubali. Ati kijana wa Funyula atamlisha binti yake nini, nyaya?

Stima ikapotea, ofisi nzima giza. Ikarudi. Kompyuta ikawaka, swichi ikawaka, taa zote kijani, lakini kompyuta ikasema haioni diski hata moja. Magari yakasimama, na maji ya barafu yakaanza kutiririka barabarani. Nikachungulia dirishani, nikarudi nyuma haraka. Kwetu mtu hajitokezi ovyo mbele ya mama mkwe, hata yule wa kutarajia. Lakini aliniona.

"Wewe kijana wa nyaya! Samaki wangu wakioza utawatafuna wote, na mifupa!"

Wafula alikuwa anachomoa waya huu, anachomeka ule, jasho linamtoka, mimi nikimshikia tochi. Ndipo mkubwa wetu, Bi Rehema, akaingia na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Mama huyu alisomea kazi hiyo, na hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Wafula, acha nyaya. Swichi uliipa namba gani?"

"Sikuipa, madam. Niliiacha ijichagulie. Si kama boda boda pale steji? Anayefika anachukua nafasi iliyo wazi."

Bi Rehema akacheka mpaka chai ikamwagika. "Sisi watu wa mpakani! Huku una laini moja ya simu, ng'ambo una nyingine, na mtu akikukosa anauliza majirani. Kompyuta hii haiulizi majirani. Iliandikiwa tangu mwanzo kwamba diski zake ziko nyuma ya swichi namba fulani, tundu fulani. Stima imepotea, swichi imeamka na namba nyingine. Itaijuaje?"

"Kompyuta za kawaida zinavumilia, madam."

"Basi hii umeifundisha uvumilivu lini? Funga swichi kwanza. Haibadilishwi namba ikiwa wazi."

"Nikiifunga kila kitu kitakatika!"

"Kimebaki nini cha kukatika?"

Hapo hata Wafula alicheka. Akaifunga, akaipa namba ile kompyuta iliyoandikiwa, kisha akaiamuru ishikilie namba hiyo: stima ipotee, irudi, na ikikuta swichi nyingine inaitaka, afadhali ikae kando kuliko kukubali namba tofauti. Akaifungua. Bi Rehema akaiambia kompyuta ijaribu njia zake upya. Diski zikatokea, moja nyuma ya nyingine, kama ng'ombe wanaorudi boma. Tulipiga kelele kama watu wa mpira! Nje malori yakajibu kwa honi.

Nikatoka, macho chini. Mama Auma alikuwa ameinua shavu la samaki, bado jekundu, bado baridi.

"Na wewe ulifanya nini huko ndani?"

"Nilishika tochi, mama."

Akanitazama. Akacheka, cheko la mtu mnene aliyeshiba. "Angalau husemi uongo. Waambie wazee wako waje tuongee. Nyumba yangu ni ile ile, hawatapotea."

Basi, mwanangu, ukitaka kuhama, hama. Ukitaka kubadilika, badilika, ujana ni wako. Lakini kuna watu waliopanga maisha yao wakijua uko mahali fulani. Waambie kwanza, ndipo usogee. Na kama umesema utakuwa hapo, giza lipite, stima irudi, ukutwe hapo. Taa za kijani peke yake hazitoshi.

Mungu akupe mahali pa kusimama, na watu wa kukutafuta. Wakibisha hodi wakukute, na sufuria iwe motoni.